Klabu yetu inahamia chama cha mpira cha wilaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu mkutano mkuu upige kura ya kuiondoa timu yetu ya vijana kwenye ligi ya mtaa na kuipeleka kwenye chama cha mpira cha wilaya, simu yangu mimi katibu haijapumzika. Maswali ni yaleyale, naulizwa kibarazani, kwenye bodaboda, hata sokoni nikiwa nimeshika samaki mkononi. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yake, ili anayesoma Mikindani na aliye Masasi kwa shughuli zake wapate jibu moja.

Kwa kifupi, ni nini kinachobadilika?

Tulikuwa tunacheza chini ya umoja wa timu za mtaa. Mdhamini akipatikana ligi ipo, asipopatikana tunasubiri. Kuanzia msimu ujao sisi ni wanachama wa chama cha wilaya. Chama cha wilaya kiko chini ya chama cha mkoa wa Mtwara, MTWAREFA, nacho kiko chini ya TFF, shirikisho la mpira la Tanzania, ambalo enzi likiitwa FAT liliingia FIFA mwaka 1964. Jina la klabu, jezi, uwanja wa mazoezi na makocha ni walewale. Wanachama nao ni walewale, pamoja na wale waliopiga kura ya hapana, ambao nawakaribisha mazoezini kama kawaida.

Mbona cheti cha usajili kipo ukutani tangu zamani? Kumbe tulikuwa hatujasajiliwa?

Tulisajiliwa. Kile cheti kinatoka Baraza la Michezo la Taifa, BMT, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Ndicho kinachoifanya klabu itambulike serikalini, iwe na katiba na viongozi wanaoweza kuulizwa. Hakikupi nafasi kwenye ligi yoyote. Mvuvi atanielewa haraka: kuandikisha chombo ni jambo moja, leseni ya kuvua ni jambo jingine. Sisi tulikuwa na chombo kilichoandikishwa vizuri, kimeegeshwa pwani miaka yote.

Ligi ya mtaa ilikosa nini? Watu walikuwa wanajaa.

Walikuwa wanajaa, na sitaisema vibaya ligi iliyotulea. Mpira wa ndondo, huu wa mtaani, una raha yake: ngoma nyuma ya goli, mama wa vitumbua pembeni, mbuzi kafungwa kwenye mti akisubiri bingwa apatikane. Wachezaji wetu wengi walijifunza kutoogopa watu pale pale.

Lakini ni ligi isiyo na kumbukumbu. Mwaka huu ni mashindano ya chini ya miaka 15, na kwenye nusu fainali unaona beki wa timu pinzani amemleta mwanawe uwanjani. Mamluki anachezea timu mbili kwa wiki moja, na hakuna pa kulalamikia kwa sababu mwandaaji, mdhamini na mkuu wa waamuzi wanakula meza moja. Mashindano yakiisha, hakuna daftari linaloonyesha nani alicheza wapi.

Hilo la daftari lilitugharimu. Tulikuwa na kijana wa mguu wa kushoto, tulimpokea akiwa darasa la 5, hana viatu. Tulikaa naye mpaka akawa anafunga mabao ambayo wazee wanayasimulia hadi leo. Siku moja akaja mtu na gari, akampa baba nauli na ahadi, kijana akaondoka kwenda timu ya mbali. Hatukukasirika kwa kuondoka kwake, maana tulimlea ili aondoke. Tulipoandika kuomba tutambuliwe kama waliomlea, tuliulizwa swali moja: alisajiliwa kwenu wapi? Tulichokuwa nacho ni picha ya pamoja, yeye amechuchumaa mwisho kushoto. Picha ile bado ninayo.

Huko kutambuliwa kuna faida gani ya pesa, au ni heshima tu?

Vyote viwili, ila tusianze kujenga ghorofa kichwani.

Kanuni za uhamisho za FIFA zinaweka mafungu mawili kwa klabu zilizolea mchezaji. La kwanza ni fidia ya malezi, inayohesabiwa kwa misimu ya kuanzia miaka 12 hadi 21. La pili ni mchango wa mshikamano: mchezaji wa kulipwa akiuzwa kwenda klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada inagawiwa klabu zote alizopitia tangu miaka 12 hadi 23. Misimu ya miaka 12 hadi 15, kila mmoja una asilimia 0.25. Kuanzia 16 hadi 23, kila msimu ni asilimia 0.5.

Tufanye hesabu. Kijana alikaa kwetu misimu ya miaka 13, 14 na 15, kisha miaka mingi baadaye akauzwa nje kwa dola 200,000. Misimu mitatu ni asilimia 0.75, yaani dola 1,500. Kwa klabu kubwa hiyo ni pesa ya chai. Kwetu ni mipira ya miaka kadhaa, nyavu za goli, na deni la fundi viatu linaisha.

Siku hizi malipo hayo yanapitia chombo cha FIFA kilichopo Paris, kilichoanza kazi mwaka 2022. Kinachoangaliwa ni pasipoti ya mchezaji, orodha ya klabu zote alizosajiliwa, msimu kwa msimu. Klabu ambayo haimo kwenye mfumo wa shirikisho la nchi yake haionekani kwenye orodha hiyo, hata kama ndiyo iliyomnunulia mtoto viatu vya kwanza. Uhamisho wa ndani ya nchi unafuata kanuni za TFF, na huko pia wanaanza na swali lile lile la usajili.

Ada itapanda?

Itapanda. Kuna ada ya klabu wilayani, fomu za wachezaji, waamuzi, na nauli za mechi za mbali. Mkutano uliamua mchango wa mzazi utoke shilingi 1,000 hadi 2,000 kwa mwezi.

Anayetegemea korosho anaweza kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo baada ya mnada, kati ya Oktoba na Desemba, badala ya kufukuzana na mhasibu mwezi wa 4 wakati hakuna mwenye kitu. Mvuvi alipe kadiri bahari inavyompa, upepo wa kusi tunaujua. Na mtoto hatarudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Akirudishwa na kocha yeyote, nipigie mimi, si mwenyekiti, maana mwenyekiti atakupigia hadithi.

Mwanangu hana cheti cha kuzaliwa. Atasajiliwa?

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na naomba wazazi wasiliache mpaka wiki ya mwisho.

Wengi wa wadogo wanavyo, kwa sababu waliandikishwa bure kwenye kampeni ya watoto chini ya miaka mitano. Tatizo liko kwa kaka zao. Anza kwa mtendaji wa mtaa upate barua, kisha nenda kwa msajili wa wilaya wa RITA, wakala wa serikali wa kuandikisha vizazi, kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya. Beba kadi ya kliniki kama ipo, cheti cha ubatizo kwa waliobatizwa, karatasi ya shule, na kitambulisho cha mzazi. Kadi ya kliniki ikiliwa na mchwa usikate tamaa, karatasi za shule zinasaidia.

Angalia herufi. Shuleni kaandikwa Hamis, kwenye cheti Hamisi, kwenye fomu yetu kocha kaandika Khamis kwa sababu ndivyo anavyomwita. Kwa mashine hao ni watoto watatu. Chagua jina moja na jina la babu liwe moja, litumike kila mahali.

Na sasa la umri. Najua msemo wa mtaani kwamba kila mchezaji ana umri wa nyumbani na umri wa mpira. Kwetu hautakuwepo. Mzazi akipunguza miaka miwili leo, mtoto atabeba uongo huo mpaka siku atakapoitwa timu ya taifa ya vijana, na kwenye mashindano ya FIFA ya chini ya miaka 17 kipimo cha MRI cha mfupa wa kifundo cha mkono kimekuwa kikitumika tangu 2009. Huko mtendaji wa mtaa hawezi kukuandikia barua. Zaidi ya hayo, ukimshusha mkubwa umemkosesha mdogo nafasi yake, na huyo mdogo ni mtoto wa jirani yako.

Anachezea timu ya shule. Atalazimika kuchagua?

Hapana. UMITASHUMTA na UMISSETA ni mashindano ya shule, yana utaratibu wao, na usajili wa klabu hauyagusi. Kwa kweli tunapenda acheze. Mashindano hayo yalipofanyika hapa Mtwara mwaka 2019 na 2021, watoto wetu waliona kwa macho yao wenzao wa mikoa mingine wanavyopasha misuli, na kwa wiki nzima kila mtu mazoezini alitaka kupasha kwa mtindo wa Mwanza. Anachotakiwa ni kumwambia kocha ratiba ya shule mapema, asichezeshwe mechi mbili kwa siku moja.

Na ndondo? Tukikataza, vijana watakimbia.

Hatukatazi. Msimu wa ligi ukiwa umesimama, mtoto acheze anapotaka. Ligi ikiwa inaendelea, aombe ruhusa kwa kocha. Sababu yetu ni goti: uwanja wa ndondo una mawe, beki hana umri unaojulikana, na akiumia Ijumaa huko, Jumapili tunabaki na nafasi tupu na mzazi anauliza nani atalipia hospitali. Wazee wa benchi watanuna kidogo. Wanune.

Likizo ya Juni watoto wengine wanaingia jandoni. Nafasi zao zitachukuliwa?

Hapana. Usajili wao unabaki. Mwambie kocha kabla, asidhani mtoto ametoroka. Akitoka, hachezi mpaka mzazi aseme amepona, hata kama yeye mwenyewe anaapa kwamba yuko sawa. Wanaapa wote.

Mtoto akitaka kwenda klabu nyingine mtamfunga?

Hatutamfunga. Mtoto si jezi. Mzazi analeta ombi kwa maandishi, sisi tunatoa barua ya kumruhusu ndani ya siku 7, bila kudai pesa kwa mzazi. Tunachodai ni jezi na soksi zetu. Tukizembea, barua ya malalamiko ipelekeni wilayani. Hiyo ni moja ya faida za kuwa na mkubwa juu yetu: hata sisi viongozi tuna pa kushtakiwa.

Kitu kimoja tu: asisajiliwe klabu mbili. Akijaza fomu huku na kule, anayefungiwa ni yeye, na viongozi waliomshawishi wanaendelea kunywa kahawa.

Kuna mtu anasema atampeleka mwanangu kujaribiwa nje ya nchi. Ana miaka 15.

Mwambie akuandikie, kisha lete hiyo karatasi kwetu kabla hujauza chochote.

Kanuni ya FIFA ni kwamba mchezaji hahamishwi kimataifa kabla ya miaka 18. Zipo njia chache za pembeni, kwa mfano wazazi wakihamia nchi nyingine kwa sababu zao zisizohusu mpira. Ipo ya watoto wa mpakani pia, na imeulizwa sana kwa sababu ya Msumbiji: nyumbani kwa mtoto kusizidi kilomita 50 kutoka mpakani, klabu ya upande wa pili nayo isizidi 50 kutoka mpaka huohuo, mtoto aendelee kuishi nyumbani kwao, na mashirikisho yote mawili yakubali. Ukitazama mto Ruvuma na namna unavyovukwa, utaona mwenyewe kama mtoto anaweza kwenda mazoezini ng'ambo na kurudi kulala kwa mama yake kila siku.

Kuhusu mawakala, kanuni za FIFA za mwaka 2023 zinasema wakala hamfuati mchezaji mdogo wala mzazi wake mapema kuliko miezi 6 kabla ya umri wa kusaini mkataba wa kwanza wa kulipwa kwa sheria za nchi anakopelekwa, tena kwa ridhaa ya maandishi ya mzazi. Kwa hiyo anayekuja kwako kwa kijana wa miaka 15, akataka laki kadhaa za kushughulikia faili, si wakala. Ni mtu mwenye simu na picha za viwanja.

Timu ya wasichana nayo inahama?

Inahama, kwa ada ileile na jezi zilezile. Kwa sasa hatuna kumi na moja wa uhakika, wiki hii wako tisa, wiki ijayo kumi na tatu, inategemea nani katumwa maji na nani kaachiwa mdogo wa kumwangalia. Mwaka 2022 Serengeti Girls, timu yetu ya taifa, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India. Yule binti anayepiga chenga kaka zake wanne uani, mlete. Usimsubirie amalize kufua.

Tutacheza uwanja wa Nangwanda Sijaona?

Si kwa sasa. Mechi za vijana zinachezwa kwenye viwanja ambavyo chama kitavikubali. Pale wengi wetu tulikaa kuitazama timu ya Ndanda ilipokuwa Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2014/15 hadi ilipoteremka mwaka 2020, kwa hiyo hamu naijua. Kwanza tupige chokaa uwanja wetu.

Kwa njia hii tunaweza kufika Ligi Kuu?

Njia ipo, na hiyo ndiyo tofauti na zamani. Timu ya wakubwa ikiwepo, inaanza ligi ya wilaya, ikishinda inakwenda ya mkoa, kisha ligi ya mabingwa wa mikoa, kisha First League, Championship, ndipo Ligi Kuu. Majirani zetu wa Ruangwa wameipanda ngazi hiyo. Namungo walifika Ligi Kuu mwaka 2019, mwaka uliofuata wakacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam dhidi ya Simba, na mwanzoni mwa 2021 wakawa hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakipangwa na Raja ya Casablanca. Timu ya mji wa kusini.

Ila Namungo walikuwa na nguvu ambazo sisi hatuna. Klabu hii ni ya vijana na mkutano haujaamua kuanzisha timu ya wakubwa. Anayetaka alete hoja mkutano ujao, aje na chanzo cha fedha, si na jina la kocha.

Tukionewa na mwamuzi, au tukigombana wenyewe kwa wenyewe?

Mechi ina nahodha, kamisaa na ripoti. Malalamiko yanaandikwa, yanapelekwa kwenye kamati ya chama ndani ya muda wa kanuni za ligi, na ukishindwa kuna rufaa ngazi ya juu. Kupiga kelele nyuma ya goli si rufaa. Na kwa kuingia huku tumekubali kwamba migogoro ya mpira inamalizwa ndani ya vyombo vya mpira, hatuikimbizi mahakamani. Mgogoro wa mipaka ya shamba la mikorosho la mwenyekiti na jirani yake haumo humu.

Jezi zenye jina la mdhamini wa ligi ya mtaa tuzifanyeje?

Za mazoezi. Bado nzuri, na zililipiwa.

Fomu zinajazwa lini, na nije na nini?

Kila Jumamosi baada ya mazoezi ya jioni, chini ya mwembe ulio upande wa goli la kaskazini. Aje mzazi au mlezi mwenyewe pamoja na mtoto, siyo kaka yake. Lete nakala ya cheti cha kuzaliwa au karatasi inayoonyesha umeanza kukifuatilia, picha ndogo mbili za mtoto, na namba ya simu inayopatikana. Asiyejua kuandika tutamwandikia na kumsomea kila mstari kabla hajaweka dole gumba. Fomu hatumpi mtu kwenda nayo nyumbani, za mwaka juzi zilirudi na mafuta ya taa. Na mwenye kalamu aje nayo, ya klabu ilipotea siku ya kura.